Yowe la Utani

Gwakisa Mwasyoge hakumpiga mtu. Hiyo ndiyo sheria aliyojiwekea akiwa bado mwanafunzi, na aliishika mpaka nywele zilipoanza kumgeuka nyeupe juu ya masikio. Hakumpiga mkewe, hakuwapiga wanawe, wala hakuwagusa vijana aliowafundisha kazi katika karakana yake ya kuchomelea mageti pale Ilomba, jijini Mbeya, hata wale waliomuunguzia mashine kwa uzembe. Siku moja mlevi alimzaba kofi mbele ya wateja. Gwakisa aliingiza mikono yake mifukoni, akamtazama yule mtu mpaka akachoka mwenyewe na kwenda zake. Wapo waliosema ni mwoga. Walikosea. Mtu mwoga huficha mikono yake kwa sababu anamwogopa mwenzake. Gwakisa alikuwa anaiogopa mikono yenyewe.

Sheria ile ilitoka kwa baba yake. Mzee Mwasyoge alikuwa mkulima hodari wa mpunga na mzee wa kanisa katika kijiji cha Lupondo, huko Kyela, kati ya Ipinda na Ziwa Nyasa. Jumapili alisimama mbele ya waumini na sahani ya sadaka. Siku nyingine alimpiga mkewe kwa mpini wa jembe. Alimpiga kwa sababu ya chumvi, kwa sababu ya mvua, kwa sababu ya jambo alilosema mtu mwingine mahali pengine. Mkewe, Tusajigwe, hakuwahi kupiga kelele. Alikuwa na maneno yale yale, na aliyasema kwa sauti ya chini kama anayembembeleza mtoto mchanga: "Basi, baba Gwakisa. Basi."

Mtoto alikuwa upande wa pili wa ukuta wa matope, anasikiliza. Kilichomuumiza kuliko mlio wa mpini ni kulisikia jina lake ndani ya kipigo kile, kama vile naye alikuwa ameshika upande mmoja. Mzee alipokufa, Gwakisa alitoa machozi kama inavyompasa mwana, akamjengea mama yake nyumba ya matofali ya kuchoma, na ule mpini akaupasua kuni.

Basi mikono aliifunga. Mdomo hakuufunga. Alikuwa msemaji, mtu wa mizaha, na katika mizaha hakuwa na mpaka. Watu wengi wako hivyo. Huchagua dhambi moja, ile waliyoiona nyumbani kwao, wakailinda usiku na mchana, na milango mingine yote wakaiacha wazi.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Aroni Kalinga, Mhehe wa Kilolo aliyehamia Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa mjini, ambako alikuwa na kitalu cha miche ya parachichi kando ya barabara kuu. Aroni alikuwa pia mwalimu wa kwaya katika usharika wake wa Kilutheri. Walijuana jeshini, katika mafunzo ya kujenga taifa, walipopangwa kitanda cha juu na cha chini, na tangu siku ya kwanza walikuwa watani. Gwakisa alimwambia Aroni asikae karibu na kamba, maana Mhehe akikasirika hujinyonga bila kuomba ushauri. Aroni alimjibu kwamba Mnyakyusa hata akienda chooni huvaa suti, ili akikutana na mtu asalimiwe kwanza. Waliendelea hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Walipooa, walitaniana harusini. Alipokufa mzee Mwasyoge, Aroni alisafiri kutoka Iringa, akalala chali katikati ya njia ya makaburini na kusema jeneza halipiti mpaka apewe mkungu wa ndizi. Waombolezaji walicheka katikati ya kilio, na Tusajigwe mwenyewe alimkatia ndizi.

Kila mwaka, kazi zikipungua, mmoja alimtembelea mwenzake, na starehe yao ilikuwa baiskeli. Hawakuwa wanariadha. Walikuwa wanaume wenye vitambi vya heshima, wanaendesha polepole, wakisimama kila penye kivuli, kila penye mtu wa kuongea naye, kila penye kitu cha kula. Asubuhi walichukua njia yoyote na jioni wakarudi. Wake zao waliwaona kama watoto. Mke wa Aroni, Veneranda, alisema afadhali baiskeli kuliko baa.

Mwaka uliotangulia balaa hili walikuwa Kilolo. Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa juu ya misonobari, na barabara nyekundu ilikuwa imelowa. Walipofika kwenye mteremko mkali, Gwakisa aliachia breki akampita mwenyeji wake, koti linapepea, mfuko wa maharage aliyopewa zawadi ukiruka kwenye keria. Aroni, alipoona ameachwa, alipiga yowe kutoka juu: huyo Mnyakyusa ni mwizi, ameiba kuku, azuiwe. Chini ya mteremko walikuwepo wanawake wanachuma chai ya kuuza. Walisimama, wakamtazama yule mtu mnene anayetetemeka juu ya baiskeli, wakaanza kucheka. Mmoja alijifanya kumfunga kwa kanga. Baadaye waliwapa ulanzi, pombe ya mianzi, na habari ya mwizi wa kuku ilirudiwa kila kilabu walichopita. Jioni ile Aroni alimwambia Gwakisa kwamba sasa ana deni la mzaha, alirudishe akiweza. Gwakisa alisema atalirudisha kwake, nyumbani, mbele ya watu wake.

Mwaka uliofuata Aroni akashuka Kyela.

Sasa ni lazima kusema Lupondo ilikuwaje mwaka ule, maana Gwakisa aliijua na bado alifanya alichofanya. Bei ya kakao ilikuwa imepanda kuliko watu walivyowahi kuona. Migomba na miembe ilikatwa kupisha kakao. Na bei ilipopanda, wezi walikuja. Waliingia mashambani, wakakata maganda ambayo hayajaiva vizuri, wakapakia kwenye magunia na kuondoka kwa baiskeli na pikipiki. Familia moja ilikuta shamba lake limevuliwa nguo, miti imepasuka matawi. Kijiji kikaweka zamu za ulinzi. Kikakubaliana jambo moja: ukisikia yowe la mwizi, huulizi swali, unatoka na ulichoshika. Miezi miwili kabla ya Aroni kufika, vijana wawili wasiojulikana walichomwa moto karibu na daraja. Polisi walikuja, wakauliza, na kijiji kizima kilikuwa hakijaona kitu. Alama nyeusi ilikuwa bado kwenye changarawe. Watoto wa shule waliikanyaga wakipita.

Kiongozi wa ulinzi alikuwa Jailos, mtoto wa baba mdogo wa Gwakisa. Walikua pamoja, wakala sahani moja, wakafundishwa kuogelea mto mmoja. Jailos alikuwa ameibiwa mara mbili. Siku Gwakisa na mgeni walipofika, Jailos alikuja kusalimia, akamshika Aroni mkono kwa mikono miwili kama inavyostahili mgeni wa kaka yake. Giza lilikuwa limeshaingia na umeme haukuwepo. Alisema usiku wanalinda kwa zamu, asishangae akisikia miluzi. Akacheka na Aroni kidogo habari za mbwa, ambao Wahehe husingiziwa na watani kuwala, kwamba mama amemfunga wake mapema aliposikia Mhehe anakuja. Kisha akaenda zamu yake. Wakati wa mazishi ya mzee hakuwepo kijijini, na usiku ule hakuuona uso wa mgeni vizuri, wala mgeni hakuuona wake.

Asubuhi Gwakisa na Aroni walipanda baiskeli kwenda ziwani. Ilikuwa siku nzuri, na naisema hivyo kwa sababu ilikuwa hivyo. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamevunwa, mabua yamebaki mafupi na yanang'aa. Milima ya Livingstone ilisimama upande wa mashariki kama ukuta uliochomekwa majini. Walifika Matema, wakakunja suruali, wakaingia ziwani mpaka magotini. Walikula samaki aina ya mbasa, wa kuchoma, kwa mikono. Mwanamke wa Ikombe alikuwa anauza vyungu, na Aroni alinunua kimoja kidogo cha Veneranda, akakifunga katika shati lake la ziada. Walisimuliana habari za watoto. Aroni alisema kwaya yake inakwenda mashindano ya dayosisi na wimbo mpya alioutunga mwenyewe, akauimba pale mchangani sauti zote nne, moja baada ya nyingine, mpaka wavuvi waliokuwa wanatengeneza nyavu wakaacha kazi kusikiliza. Alikuwa na sauti ya tenori iliyotoka bila kujikaza, kama maji.

Mchana walirudi, wakapitia kwa Tusajigwe. Mama alikuwa ameandaa zawadi ya Aroni: mchele wa Kyela, ule wenye harufu, ametwanga na kupepeta mwenyewe. Mfuko wa kuuweka haukuwepo, kwa hiyo aliutia kwenye gunia la katani ambalo Jailos alikuwa ameliacha kwake, gunia la kakao, lenye maandishi ya bluu ubavuni. Alilifunga kwa kamba ya mgomba. Aroni alishukuru, "Ndaga, mama," kwa Kinyakyusa alichofundishwa, na mama alimcheka matamshi. Wakalifunga gunia kwenye keria ya Aroni kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu.

Walikuwa wanakwenda kulala kwa dada yake Gwakisa ng'ambo ya kijiji, ndiyo maana waliondoka na mzigo. Njia ilipita katikati ya mashamba ya kakao, miti imefungamana juu, chini kuna giza la kijani na majani makavu. Gwakisa alitangulia kama mwenyeji. Alikuwa anampa Aroni maneno kuhusu namna Wahehe wanavyoendesha baiskeli, kwamba wanaikaba kama wamekamata ng'ombe wa mtu. Aroni alikanyaga pedali, akampita upande wa kushoto, akainua mkono kumuaga, akaingia kwenye mteremko mdogo kuelekea daraja, gunia linadunda nyuma yake.

Gwakisa aliona nafasi yake. Mteremko, mzigo, mtu anakimbia. Ilikuwa Kilolo tena, imegeuzwa. Alivuta pumzi akiwa tayari anacheka, akapiga yowe kwa nguvu zote, kwa Kinyakyusa kwanza kisha kwa Kiswahili, ili hata Aroni alielewe: mwizi, mwizi wa kakao, mkamateni.

Alilipiga mara tatu. La tatu lilikatwa na mluzi kutoka ndani ya miti.

Wanaume walitoka pande zote mbili. Walikuwa wanapalilia na kukata matawi, na kila mmoja alikuwa na alichoshika. Aroni alisikia, akageuka nyuma, na alikuwa anatabasamu. Watu kadhaa waliliona tabasamu lile na baadaye walilitumia kama ushahidi: mwizi alikuwa anawacheka. Mti wa mpini ulirushwa ukaingia kwenye spoku za gurudumu la mbele. Aroni aliruka juu ya usukani akaanguka kifudifudi kwenye changarawe, na kile chungu kikapasuka chini yake.

Hawakumwacha ainuke. Wa kwanza alimpiga teke la mbavu. Wa pili alimpiga kwa bapa la panga mgongoni, na wa tatu hakutumia bapa. Aroni aliita jina la Gwakisa. Aliliita kwa lafudhi ya Iringa, na lafudhi ile iliwathibitishia kwamba si mtu wa hapa. Jiwe la ukubwa wa mkate lilimpiga kwenye taya. Mtu mmoja alikata gunia kwa panga ili aone kakao yake, na mchele ukamwagika barabarani, mweupe, mwingi. Wote waliuona. Waliukanyaga wakaendelea kupiga. Mtu anayesema umati haujui unachofanya, amepumbazwa. Umati ule ulikuwa umesimama kwenye mchele, na mchele ulikuwa unageuka mwekundu chini ya miguu yao.

Gwakisa alitupa baiskeli akakimbia. Alikuwa anasema ni mgeni wake, ni utani, ni yeye aliyepiga yowe, hakuna mwizi. Alimvuta mtu bega akapigwa kiwiko cha kinywa. Mmoja alisema huyu ni mwenzake, na fimbo ikamshukia shingoni. Akapiga magoti, akapenya kati ya miguu, akamlalia Aroni kwa mwili wake. Alihisi mbavu za rafiki yake zinasogea mahali ambapo mbavu hazisogei. Kwa muda kipigo kilimwangukia yeye. Mikono yake aliibana chini ya kifua chake. Hata pale, aliishika sheria.

Kisha wakamtambua. Mtu alisema ni Gwakisa wa Tusajigwe. Wakarudi nyuma kidogo, wanahema. Jailos akaingia katikati, ameshika rungu mkono wa kushoto na panga mkono wa kulia, jasho linamtiririka.

"Kaka, ondoka," alisema.

Gwakisa alimwambia aangalie, ni mchele, ni mgeni aliyemshika mkono jana.

Jailos alitazama chini. Aliuona mchele, akaliona gunia lake mwenyewe, akaitazama ile sura ambayo haikuwa sura tena. Ilionekana wazi kwamba ameelewa. Ndugu zangu, hapo ndipo mtu anapopimwa, si kabla.

"Nani aliita mwizi?" Jailos aliuliza.

"Mimi. Nilikuwa namtania."

"Basi wewe ulituita, na sisi tumekuja." Sauti ya Jailos haikuwa ya hasira. "Huyu akipona atatutaja. Atatutaja wote hapa, na mimi wa kwanza. Ni heri awe mwizi, kaka. Akiwa mwizi, yameisha. Ondoka."

Nyuma yake kijana wa bodaboda alikuwa ameshateremsha tairi kuukuu kutoka kwenye pikipiki yake, na mwingine anafungua mpira wa petroli. Hawakuwa wanakimbia. Walifanya kama watu wanaojua kazi inavyofuatana. Jailos alimshika Gwakisa ukosi kwa mkono wa rungu kumwondoa, na mkono wa panga akauinua juu ya shingo ya Aroni.

Palikuwa na panga jingine juu ya mchele, limeangushwa na mtu. Gwakisa hakukumbuka kulichukua. Alikumbuka uzito wake, na kwamba mpini ulikuwa wa moto kutokana na kiganja cha mtu mwingine. Alipiga kutoka chini kwenda juu, akampiga Jailos kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Panga la Jailos lilianguka, na vidole vyake vikabaki vinaning'inia wazi kama vya mtu anayeomba. Jailos alipiga ukelele mmoja na kuanguka kwa magoti.

Pigo hilo lilitosha. Umati ulikuwa umeshaanza kutawanyika, tairi limeachwa, kijana wa bodaboda anavuta pikipiki kwenda nyuma. Hakuna aliyemkaribia tena Aroni. Lakini Gwakisa aliinua panga akapiga mara ya pili, kwenye bega. Jailos aliinua mkono mzima kujikinga, na Gwakisa akapiga tena. Kitu kilichofungwa miaka yote kilitoka kikiwa na afya, kimeshiba, kinajua njia. Hakuona Jailos. Hakusikia kitu. Aliinua panga juu ya kichwa cha mtoto wa baba yake mdogo, mtu aliyekula naye sahani moja, akalishika kwa mikono miwili, kama mpini wa jembe unavyoshikwa.

"Basi, baba Gwakisa. Basi."

Mama alikuwa amekuja akifuata kelele. Alisimama kwenye ukingo wa mchele aliopepeta, bila viatu, mikono imeshuka pembeni. Hakupaza sauti. Aliyasema maneno kama alivyoyasema siku zote, kwa yule yule, na alikuwa anamtazama mwanawe usoni.

Gwakisa alishusha panga. Aliliweka chini kwa uangalifu, kama chombo cha mtu.

Aroni alibebwa kwa kitanda mpaka barabara kuu, kisha gari la mpunga likampeleka hospitali. Jailos aliwekwa kwenye gari hilo hilo, maana halikuwepo jingine, na wawili wale walisafiri wamelala bega kwa bega, damu ya mmoja ikiingia kwenye nguo za mwingine. Gwakisa alikaa kati yao, anabana kidonda kwa kila mkono.

Kijiji kilitaka mambo yaishie nyumbani. Wazee wa ukoo walimwendea Gwakisa, wakamweleza mpango: aseme hakuona nani alimpiga mgeni, na Jailos atasema alijikata mwenyewe akipalilia. Kila mtu atakuwa amepona. Ulikuwa mpango wenye huruma ya uongo, na watu wengi waliojaa heshima waliutaka. Gwakisa alikataa. Alikwenda kituo cha polisi kwa miguu yake, akataja kwanza yowe, kisha panga, kisha majina ya watu aliowaona. Majina yale yaliwapeleka watu sita mahakamani, na wanne kati yao waliachiwa kwa kukosa shahidi mwingine. Wawili walifungwa. Jailos, akiwa na mkono uliofungwa, alikuwa mmoja wao.

Katika kesi ya Gwakisa mwenyewe, wakili aliyepewa alisisitiza kwamba mteja wake alikuwa anaokoa maisha. Hakimu alikubali, kisha akauliza kuhusu pigo la pili na la tatu. Wakili alianza kujibu. Gwakisa aliomba ruhusa ajibu mwenyewe.

"La kwanza lilikuwa la Aroni, mheshimiwa," alisema. "La pili na la tatu yalikuwa yangu."

Aroni aliitwa kutoa ushahidi. Alikuja na Veneranda akimshika kiwiko. Jicho la kushoto halikuwepo, na taya lilikuwa limeungana vibaya, kwa hiyo alizungumza polepole na karani alimwomba arudie. Alisema aliyemwita mwizi ni Gwakisa, na aliyemzuia asife ni Gwakisa, na yeye hajui ayaweke wapi mambo hayo mawili. Akaulizwa kama anamchukia. Alisema hakuja mahakamani kwa jambo hilo.

Gwakisa alifungwa miaka mitatu. Gerezani alichomelea vitanda vya chuma, na aliogopwa, maana wafungwa walisikia habari ya mapanga. Hakuna aliyemzaba kofi tena. Alipotoka, karakana ya Ilomba ilikuwa imefungwa na mkewe alikuwa anauza mkaa. Juma lile lile alipanda basi kwenda Iringa, akashuka Ipogolo, akavuka barabara mpaka kwenye kitalu cha miche.

Aroni alimpokea. Alimvutia kiti, Veneranda akaleta ugali na mboga, wakanawa mikono na kula. Walizungumza habari za mvua na bei ya miche. Gwakisa aliomba msamaha, na Aroni alisema alishamsamehe zamani, mbele ya mchungaji, na alimaanisha. Kwaya ilikuwa na mwalimu mwingine. Ukutani, nyuma ya mlango, baiskeli yake ilikuwa imening'inizwa bila magurudumu.

Wakati wa kuondoka, Gwakisa alisimama, akatazama kamba iliyofunga miche, na kwa mazoea ya miaka ishirini mdomo ulifunguka kusema lile neno la Mhehe na kamba. Aliuona uso wa Veneranda. Akaufunga.

Aroni alimsindikiza mpaka barabarani, akampa mkono.

"Safari njema, ndugu Mwasyoge," alisema. Hakumwita mtani.

Mzaha ule wa kurudisha ulichukua jicho la Aroni Kalinga na sauti yake. Ulichukua mkono wa kulia wa Jailos, ambao hadi leo haushiki panga wala kijiko. Ulimpeleka Gwakisa gerezani miaka mitatu, ukamwonyesha mama yake, katika uzee wake, mume aliyedhani amezikwa. Na Gwakisa hajapanda baiskeli na mtu tena.